Kuhesabu Zilizonata

Usiku huu nahesabu zilizonata.
Ghorofa ya tatu, Dundee, mvua ya Novemba
inalipiga dirisha kwa ubavu,
na jicho langu moja limo katika hadubini
kama la mtu anayechungulia kwa jirani.

Chini ya lenzi kuna ukuta.
Si wa mawe. Ni ngozi ya ndani ya mshipa,
seli zimelala bega kwa bega kama vigae,
zimeoteshwa kutoka kamba ya kitovu
ya mtoto aliyezaliwa Jumanne, ng'ambo ya maegesho ya magari.
Mama yake alitia sahihi kwa kalamu ya hospitali
huku akiuliza kama chai itakuja.

Juu ya ukuta napitisha chembe nyeupe za damu.
Zamani nilidhani askari hawa hukimbia tu.
Kumbe huviringika, huambaa,
hugusa, huachia, hugusa tena,
mpaka ukuta uliochokozwa uchomoze kulabu,
nazo zikwame.
Maradhi huanzia hapo, bila kelele,
miaka ishirini kabla ya kifua kubana.

Sahani ya kwanza haikutiwa kitu: arobaini na tatu.
Ya pili nimeitia arginini,
unga mweupe usio na makuu,
uleule uliomo katika karanga na mbegu za maboga.
Seli za ukuta huila, zikatoa pumzi ya gesi
isiyoishi hata dakika,
na pumzi hiyo huziambia kulabu: rudini ndani.
Kumi na tisa.
Nahesabu upya, maana Fearghas haamini namba inayopendeza.
Ishirini. Moja ilijibanza pembeni.

"Kitovu mmekizika wapi?"
Mama aliniuliza kwa simu, wiki aliyozaliwa Nadhiri.
Kwetu Pangani swali hilo halina utani:
kilipozikwa kitovu ndipo mtu anapodaiwa.
Nikasema, chini ya mtufaha, nyuma ya nyumba.
Hatukuwa na nyuma ya nyumba.
Tulikuwa na vyumba viwili juu ya duka la mazulia
na kamba ya kuanikia nguo.

Kweli ni kwamba nami nilitia sahihi.
Nami niliulizia chai.
Kamba yake ikatiwa chupani, chupa ikatiwa barafuni,
ikapandishwa kwa lifti hii hii
ninayopanda kila jioni na chapati zangu mkobani.
Wakati ule sikuwa nafanya kazi hapa. Sikujua ni lifti ipi.

Seli hizi hazidumu.
Kizazi cha tano, cha sita, zinachoka,
zinatanuka, zinaacha kugawanyika.
Za mwanangu zilikwisha kabla hajaota jino.
Labda mtu alikaa kwenye kiti hiki
akahesabu zilizonata juu yake,
akaandika namba, akaenda kula.
Imo mahali, katika jedwali, haina jina.
Sijaitafuta. Ufunguo wa kabati ninao.

Mama haulizi tena habari za kitovu.
Mshipa wake mmoja umewekewa kibomba cha waya,
na jana alitaka kujua: huo unga wenu, niununue?
Nikamwambia, mama, sahani si mwili.
Kilichoutuliza ukuta wangu
hakijaapa kuutuliza wako.
Akanyamaza, kisha akacheka:
basi nitakula karanga kwa utamu wake.

Saa tano na robo. Sahani ya saba imekataa:
arginini ipo, na bado ni arobaini na moja.
Nimeiandika vivyo hivyo, kwa wino.
Fearghas atafurahi.

Nafungua kabati la joto, nairudisha mahali pake.
Humo ndani ni giza, nyuzi thelathini na saba,
na ukuta unalala
kana kwamba bado umo ndani ya mtu.